Kipima mionzi cha Kariakoo: kinafaa darasani, hakifai Feri

Kipima mionzi cha mkononi ambacho kimekuwa kikiuzwa katika baadhi ya maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, na ambacho matangazo yake yamezunguka sana katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa samaki, ni kifaa cha plastiki ya kijivu kinachoenea kiganjani, chenye kioo cha rangi, vitufe vitatu, betri ya kuchaji na neli ya Geiger iliyofichwa nyuma ya vijitundu. Nilikinunua kwa shilingi laki moja na themanini baada ya kupatana na muuzaji aliyeanzia laki mbili na nusu. Nimekitumia nyumbani Temeke, shuleni ninakofundisha fizikia, katika soko la samaki la Feri na baharini, vya kutosha kuweza kusema kinafaa kwa lipi na hakifai kwa lipi. Kifaa chenyewe hakina hila. Hila imo katika kikaratasi ambacho duka limekibandika juu ya boksi, kinachodai kwamba mnunuzi ataweza kujua palepale iwapo samaki aliyemshika amepitiwa na maji yenye mionzi kutoka Japani.

Dai hilo halikuzuka hivihivi. Tangu tarehe 24 Agosti 2023, Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye matangi ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, na China ikapiga marufuku siku hiyohiyo mazao ya bahari ya Japani, habari hizo zimefika hadi vibanda vya Tandika na Mwananyamala, na wauzaji wa vibua vya barafu wakawa wanaulizwa na wateja kama mzigo wao umetoka "upande ule". Muuzaji hana jibu, mteja ana wasiwasi, na katikati yao ikapatikana nafasi ya kuuza kifaa kinachotoa namba. Namba kwenye kioo humtuliza mtu hata kama haihusiani na alichouliza.

Nianze na kinachofanya vizuri. Kikiwashwa, kifaa huhesabu kila mnururisho unaofanikiwa kugusa gesi iliyo ndani ya neli, hutoa mlio mfupi kwa kila mmoja, kisha hukokotoa kiwango cha dozi, yaani mionzi inayoupata mwili, kwa kipimo cha maikrosivati kwa saa. Nyumbani kwangu husoma kati ya 0.09 na 0.14, kiwango cha kawaida kabisa, kinachotokana na udongo, kuta za nyumba na mionzi inayoshuka kutoka anga za juu. Namba hiyo haitulii, wala haipaswi kutulia. Kwa kuwa neli hupokea milio ishirini na kitu tu kwa dakika, bahati peke yake inatosha kuifanya dakika moja iwe na milio 19 na inayofuata iwe na 31. Muuzaji alinieleza kwamba namba ikipanda namna hiyo ndipo "imekamata kitu". Haijakamata chochote. Anayetaka wastani wa kuaminika inampasa akiache kifaa mahali pamoja kwa saa nzima au zaidi, jambo ambalo hakuna mtu sokoni mwenye subira nalo wakati mnada unaendelea.

Kikikutana na chanzo chenye nguvu ya kutosha, huitikia vizuri. Nilikiweka juu ya mfuko wa kilo moja wa mbolea ya kloridi ya potasiamu, ile ya chembechembe nyekundu inayopatikana kwenye maduka ya pembejeo, na milio ikaongezeka waziwazi, wanafunzi wakaisikia bila hata kutazama kioo. Potasiamu yote duniani, iwe ya kwenye mbolea, kwenye ndizi au kwenye misuli yetu wenyewe, ina sehemu ndogo ya potasiamu-40, ambayo ni ya mionzi kwa asili yake. Kilo moja ya mbolea hiyo ina takriban bekereli 16,000, yaani atomu 16,000 zinazopasuka kila sekunde. Kwa somo la kidato cha nne sijui kifaa cha bei hii kinachoweza kuonyesha jambo hili vizuri zaidi.

Itikio kubwa kuliko yote, hata hivyo, nililipata Feri, ndani ya chombo cha mzee mmoja wa Kigamboni ambaye siku hizi huvulia dagaa kwa taa za LED lakini bado amehifadhi karabai zake za zamani pamoja na pakiti ya zile tambi za wavu zinazofungwa ndani ya karabai ili zing'ae. Nilipokisogeza kifaa karibu na pakiti ile, milio iliungana ikawa mlio mmoja wa kukwaruza, na kioo kikageuka rangi nyekundu. Tambi za namna hiyo zilikuwa zikitiwa thoriamu kwa sababu oksidi yake hutoa mwanga mweupe mkali inapopata joto, na thoriamu ni ya mionzi. Zikiwa ndani ya pakiti hazina madhara ya kutisha. Kisichofaa ni kuvuta pumzi vumbi lake zinapovunjika. Kwa hiyo kitu chenye mionzi kuliko vyote katika chombo kile kilikuwa utambi wa taa, wala si samaki waliovuliwa kwa mwanga wake.

Baharini namba hushuka. Katika boti ya kwenda kisiwa cha Mbudya, kadiri tulivyoachana na ufukwe wa Kunduchi ndivyo kifaa kilivyoteremka, hadi kikafikia karibu nusu ya kile kinachosoma nchi kavu, na abiria aliyeketi kando yangu akasema kwamba basi bahari yetu ni safi. Inawezekana kabisa kuwa ni safi, lakini kushuka kule kuna sababu nyingine: mionzi mingi tunayoipokea nchi kavu hutoka ardhini, na mita kadhaa za maji chini ya boti huizuia isifike juu. Kifaa kingeshuka vilevile katika maji yenye sesiamu, kitu cha mionzi kitokanacho na mabomu na mitambo ya nyuklia, mara kumi ya tuliyonayo.

Hapa ndipo ninapofikia dai la kikaratasi. Pale Feri nilikipitisha juu ya jodari, nguru, taa na sado kadhaa za dagaa, na mara zote kikasoma kilekile kilichosoma kwenye sakafu tupu ya mnada. Dalali mmoja aliyekuwa akinifuatilia kwa hamu akauliza, "Mwalimu, mashine inasemaje? Samaki wetu wazima?" Nikamjibu kwamba sina sababu yoyote ya kuwatilia shaka samaki wake, lakini si mashine iliyonipa imani hiyo. Hakulipenda jibu. "Sasa kama haisemi kitu, umetuletea ya nini, mwalimu wangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Maji yanayomwagwa Fukushima hupitishwa kwanza katika mitambo ya kuchuja inayoondoa sehemu kubwa ya sesiamu, strontiamu na vitu vingine vya mionzi, lakini haiwezi kuondoa tritiamu, kwa sababu tritiamu ni aina ya hidrojeni na imo ndani ya molekuli za maji yenyewe. Kisha huchanganywa na maji mengi ya bahari hadi tritiamu ibaki chini ya bekereli 1,500 kwa lita, na ndipo hutolewa kupitia handaki lenye urefu wa kilomita moja hivi chini ya bahari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni bekereli 10,000 kwa lita. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi huo wa Japani, na wavuvi wa Fukushima wenyewe waliupinga. Kwa kifaa hiki haileti tofauti yoyote. Mionzi ya beta ya tritiamu ni dhaifu kiasi kwamba husimama baada ya milimita chache za hewa na haipenyi hata ngozi ya binadamu, seuze ukuta wa neli na kasha la plastiki linaloizunguka. Kifaa kingewekwa juu ya ndoo ya maji yaliyochotwa kwenye mdomo wa handaki lile, bado kisingesema neno.

Sesiamu-137 angalau hutoa mionzi ya gama inayoweza kupenya neli, lakini tatizo lake ni kiasi. Kabla ya ajali ya mtambo huo wa Fukushima mwaka 2011, maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki ya Kaskazini yalikuwa na bekereli 1 au 2 za sesiamu-137 katika kila mita ya ujazo, masalia ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita, na Bahari ya Hindi haiko mbali na kiwango hicho. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji ya bahari: ndani yake atomu moja ya sesiamu hupasuka kila baada ya nusu dakika hivi, huku atomu za potasiamu-40 zaidi ya 200 zikipasuka kila sekunde, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina takriban bekereli 12 za potasiamu hiyo ya asili. Kukitaka kifaa hiki kisikie sesiamu ndani ya ndoo ile ni sawa na kusikiliza mnong'ono wa mtu mmoja katika Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Tena kifaa hakijui kutofautisha sauti. Huhesabu tu, na mlio wa potasiamu kwake ni uleule wa sesiamu na ni uleule wa mionzi ya angani.

Hali hii haikuwa hivyo wakati wote, na huenda ndiko dai la kikaratasi lilikookotwa. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, na majivu yake yakaiangukia meli ya Kijapani ya kuvulia jodari iitwayo Daigo Fukuryū Maru. Miezi iliyofuata, katika bandari na masoko ya Japani, wakaguzi walisimama na vipima vya Geiger juu ya jodari waliopangwa sakafuni, na samaki aliyezidisha milio 100 kwa dakika kwa umbali wa sentimita 10 alitupwa. Uchafuzi ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Japani ikatuma meli ya utafiti, Shunkotsu Maru, kuchota maji na kupima viumbe kuelekea Bikini, na matokeo yake yalipingana na matumaini ya wakati ule kwamba bahari ingeuzimua uchafu huo mara moja: mionzi ilikutwa ikisafiri na mkondo kuelekea magharibi, mbali sana na mahali pa mlipuko. Vivyo hivyo mwezi Aprili 2011, kando kabisa ya mtambo wa Fukushima, sesiamu-137 ilipofikia bekereli 68,000,000 kwa mita ya ujazo, hata kifaa cha Kariakoo kingepiga kelele. Lakini aliyekuwa na haja ya kujua wingu lile la maji linaelekea wapi hakubaki pale. Alilifuata hadi mahali lilipokuwa jembamba mara mamilioni, na huko vipima vya mkononi havisaidii.

Kazi hiyo ya kufuatilia imefanywa kwa njia nyingine kabisa, nayo inastahili kuelezwa, maana ndiyo bidhaa ambayo kikaratasi kinajifanya kuuza. Kwanza hutafutwa alama. Ajali ya Fukushima ilitoa sesiamu za aina mbili kwa viwango vinavyokaribia kulingana: sesiamu-137, inayopungua kwa nusu kila baada ya miaka 30, na sesiamu-134, inayopungua kwa nusu kila baada ya miaka 2. Kwa kuwa majaribio ya mabomu yalikwisha zamani, na sesiamu-134 haidumu, maji yoyote ya Pasifiki yaliyokutwa na sesiamu-134 baada ya mwaka 2011 hayakuwa na asili nyingine isipokuwa Fukushima. Kisha maji huchotwa, kwa kawaida lita 20 au zaidi kwa sampuli moja, hupitishwa katika chujio la kemikali linalonasa sesiamu, na chujio hilo huwekwa ndani ya kipima cha fuwele ya jemaniamu kilichozungukwa na kuta nene za madini ya risasi na kupozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, ambako hukaa kikihesabiwa kwa siku kadhaa. Kipima hicho, tofauti na chetu, hutambua nishati ya kila mnururisho: sesiamu-137 hujitaja kwa kiloelektronivolti 662, potasiamu-40 kwa 1,461, na hakuna anayeweza kumficha mwenzake.

Kwa njia hiyo safari ya maji ya Fukushima imechorwa karibu hatua kwa hatua. Mkondo wa Kuroshio, unaopanda kutoka kusini kando ya Japani kisha kugeukia baharini, uliyasukuma mashariki, na Mkondo wa Pasifiki ya Kaskazini ukayapokea. Watafiti wa Kanada waliikuta sesiamu-134 Juni 2012 umbali wa kilomita 1,500 hivi kutoka pwani ya British Columbia. Mwaka 2014 Ken Buesseler wa taasisi ya bahari ya Woods Hole, Marekani, aliwaomba raia wa kawaida wa pwani ile wachote maji na kuyatuma maabara, na Februari 2015 sampuli iliyochotwa kwenye gati la mji mdogo wa Ucluelet ikawa ya kwanza kuonyesha kwamba alama ya Fukushima imegusa ufukwe wa Amerika ya Kaskazini: bekereli 1.4 za sesiamu-134 na 5.8 za sesiamu-137 kwa mita ya ujazo. Karibu miaka minne kuvuka bahari moja, kwa mkondo wenye nguvu, tena kwa njia iliyonyooka. Sehemu nyingine ya maji yale, iliyopoa wakati wa baridi ikawa nzito, ilizama mamia ya mita na kuelekea kusini chini kwa chini, mahali ambapo anayetazama ramani za uso wa bahari peke yake hawezi kuiona.

Samaki ndiye aliyeushinda mkondo kwa mwendo. Agosti 2011, miezi mitano tu baada ya ajali, jodari wa aina ya Pasifiki wenye mapezi ya bluu walivuliwa karibu na San Diego wakiwa na bekereli 4 za sesiamu-134 kwa kilo ya minofu iliyokaushwa, wameogelea nayo kutoka Japani. Ukisikia habari hiyo utashtuka, mpaka uone kwamba kikomo cha Japani kwa chakula ni bekereli 100 za sesiamu kwa kilo, mwongozo wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ni 1,000, na minofu hiyo iliyokaushwa ya jodari walewale ilikuwa na potasiamu-40 ya asili zaidi ya bekereli 300 kwa kilo. Jodari wa aina hiyo ni wa Pasifiki, hafiki katika nyavu za Kunduchi wala Kilwa. Na kwa kifaa changu, samaki mwenye bekereli 4 na samaki asiye na hata moja ni mtu na pacha wake.

Sasa, je, bahari ya Japani na bahari ya Dar es Salaam zinakutana? Zinakutana, na ningependa wauza vipima wangejifunza angalau hili. Maji ya Pasifiki huingia Bahari ya Hindi kupitia milango iliyo katikati ya visiwa vya Indonesia, kiasi cha mita za ujazo milioni 15 kila sekunde. Yakishaingia, Mkondo wa Ikweta wa Kusini huyabeba kuelekea magharibi hadi Madagaska, na tawi lake la kaskazini huzunguka ncha ya kisiwa kile na kuipiga Afrika karibu na Rasi ya Delgado, jirani na mpaka wetu na Msumbiji. Hapo mkondo hupasuka: sehemu moja huteremka katika Mlango wa Msumbiji, nyingine hugeuka kaskazini ikawa Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopita Mtwara, Mafia, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Wakati wa kusi mkondo huu hukaza hadi kukaribia mita mbili kwa sekunde, na nahodha yeyote wa jahazi anajua maana ya kwenda kinyume chake; wakati wa kaskazi hulegea sana, lakini katika pwani yetu hauachi kuelekea kaskazini.

Ushahidi kwamba njia hii hupitisha mionzi upo. Kati ya mwaka 2003 na 2004 meli ya utafiti ya Japani, Mirai, ilizunguka kizio cha kusini ikichota maji, na sampuli zake za Bahari ya Hindi, zilizochukuliwa kwenye latitudo ya digrii 20 kusini hivi, zilionyesha sesiamu ya majaribio ya mabomu ya Pasifiki iliyokuwa imepenya kupitia Indonesia. Mabomu mengi ya Pasifiki yalilipuliwa miaka ya 1950 na 1960, na jumla ya sesiamu iliyoangukia bahari za dunia kutokana na majaribio ya mabomu ni kubwa mara nyingi kuliko ile iliyotoka Fukushima, lakini kilichokutwa kilikuwa bekereli chache kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo chembe ya Fukushima siku moja itapita mbele ya Kivukoni, kama za Bikini zilivyopita, ikiwa imezimuliwa na bahari mbili, na kuiona kutahitaji maabara bora kuliko zote.

Wapo pia wanaouliza kuhusu Somalia, kutokana na madai ya muda mrefu kwamba meli za kigeni zilitupa taka hatari katika pwani ile, madai yaliyozungumzwa upya baada ya tsunami ya Desemba 2004 kusukuma makontena yenye kutu ufukweni. Hapa jiografia inatusaidia kidogo. Mkondo wa Somalia hugeuka na msimu, na wakati wa kaskazi huteremka kusini, lakini unakutana na mkondo wetu katika maji ya Kenya, kati ya digrii 2 na 4 kusini, na mikondo yote miwili hugeuka kwenda mashariki, kuelekea katikati ya bahari. Anayeishi Lamu ana sababu ya kuuliza zaidi kuliko anayeishi Msasani.

Muuza samaki anayetaka jibu la kumwonyesha mteja asipeleke pesa Kariakoo. Kazi ya kupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini ni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo maabara yake ya Arusha ina vipima vya gama vya aina niliyoieleza, na mwagizaji wa vibua kutoka nje anapaswa kuwa na cheti cha vipimo hivyo. Mteja amwombe muuzaji wa jumla cheti hicho. Kwa mwenye shauku ya bahari yenyewe, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina hifadhidata ya bure mtandaoni iitwayo MARIS, inayokusanya vipimo vya mionzi katika maji, mchanga wa chini na viumbe vya bahari kutoka nchi nyingi. Mwanafunzi wangu mmoja alikaa nayo jioni nzima na akatoka akiijua Bahari ya Hindi kuliko kipima hiki kitakavyomfundisha.

Mengine kuhusu kifaa ni machache. Betri hudumu siku kadhaa ikiwa mlio umezimwa. Tundu la chaja limeanza kulegea mapema kuliko nilivyotarajia. Mwongozo ni karatasi moja ya Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, na programu ya simu inayotajwa ndani yake sikuifungua tena baada ya kuona inadai ruhusa ya kusoma anwani zangu zote. Kengele ya hatari imetegwa kiwandani kwa maikrosivati 0.5 kwa saa, kiwango ambacho ndege ya kwenda Mwanza ilikivuka mara tu ilipopaa juu ya mawingu, kwa sababu huko hewa inayotukinga na mionzi ya angani ni nyembamba. Izimeni kabla ya safari, majirani zenu wa kiti wasije wakataharuki.

Nilirudi dukani kuwaomba wakibandue kile kikaratasi. Kijana wa kaunta, mwenye adabu zake, alisema, "Mwalimu, bila hicho hakitoki," na ukutani nyuma yake lilikuwapo tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Shule inayokitaka bado naishauri inunue, ila bei isizidi laki moja na nusu, na anayetumwa Kariakoo aende na kilo moja ya ile mbolea nyekundu mkononi. Akiwashe palepale, akiache dakika kumi juu ya kaunta tupu akihesabu milio, kisha dakika kumi juu ya mfuko wa mbolea. Kisichoongeza milio kibaki dukani, na hela ibaki mfukoni.